Jaji asigeuzwe kuhani wa Wahindu

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, malkia Draupadi alipoletewa habari kwamba mumewe, Mfalme Yudhishthira, amemweka dau kwenye mchezo wa kete na kushindwa, alimrudisha tarishi barazani na swali: alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Ikiwa alikwisha kuwa mtumwa, alikuwa na mamlaka gani juu yangu? Hilo ni swali la sheria tupu. Bhishma, mzee aliyeheshimiwa na baraza zima, alijibu kwamba dharma, yaani haki na wajibu, ni nyembamba mno, akashindwa kuamua. Kijana Vikarna ndiye aliyetamka kwamba dau lile halikuwa halali, naye akakemewa.

Kaulimbiu ya Mahakama ya Juu ya India imetoka katika utenzi huohuo wa Mahabharata: yato dharmas tato jayah, palipo na dharma ndipo penye ushindi. Lakini majaji wake wamejitwika mzigo ambao Bhishma aliuogopa, yaani kutamka lipi ni la lazima katika dini na lipi si la lazima. Naamini wanakosea, na kosa lenyewe linaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Katiba ya 1950 haikuwapa kazi hiyo. Ibara ya 25 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na haki ya kushika na kueneza dini yake, mradi asivuruge utulivu wa umma, maadili, afya wala haki nyingine za msingi. Ibara hiyohiyo, kifungu cha 2(b), inaruhusu sheria za kufungua mahekalu ya umma kwa Wahindu wa matabaka yote. Ibara ya 26 inayaachia madhehebu kusimamia mambo yao ya dini, na ya 17 inafuta ubaguzi wa watu walioitwa wasioguswa. Kwenye ibara za 25 na 26 hutakuta neno "lazima" likipima ibada ya mtu.

Neno hilo liliingia mwaka 1954 katika kesi ya Shirur Mutt, nyumba ya watawa ya Udupi iliyokuwa ikivutana na kamishna wa wakfu wa Kihindu wa Madras. Wakati huo kazi yake ilikuwa ndogo na ya busara: kutenga mambo ya dini na mambo ya fedha na utawala. Jaji Mukherjea alisema sehemu ya lazima ya dini itafutwe kwanza katika mafundisho ya dini yenyewe. Baadaye neno likageuka. Halikuuliza tena kama jambo ni la dini. Likaanza kuuliza kama ni la dini vya kutosha.

Tazama hukumu ya 1966. Wafuasi wa Swaminarayan, ambao wenzao wa imani wana mahekalu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, walidai kwamba wao si Wahindu, kwa hiyo sheria ya Bombay ya 1956 iliyowafungulia Wadalit, yaani hao walioitwa wasioguswa, milango ya mahekalu haiwahusu. Walistahili kushindwa. Ingetosha kusema kwamba kwa madhumuni ya sheria ile neno "Hindu" liliwakumbatia. Badala yake Jaji Gajendragadkar aliandika maelezo marefu ya Uhindu ni nini, kisha akasema hofu yao ilitokana na ushirikina, ujinga na kutoyaelewa mafundisho ya Swaminarayan mwenyewe. Jaji akawa anawafundisha wafuasi maana ya maneno ya mwalimu wao!

Kipimo hiki pia huigandisha dini. Dhehebu la Ananda Marga lilianzishwa mwaka 1955, na ngoma yao ya tandava, inayochezwa kwa mafuvu na visu, ikaingizwa mwaka 1966. Mahakama iliikataa ngoma hiyo kwa hoja kwamba dini ilikuwapo kabla yake. Madhehebu yalipoiandika katika maandiko yao, hukumu ya 2004 ikasema kiini hakiongezwi baadaye. Kama polisi walihofia mafuvu na visu barabarani, hoja ya utulivu wa umma ilikuwapo tayari ndani ya ibara ya 25.

Uhindu hauna kitabu kimoja wala baraza moja lenye neno la mwisho. Yudhishthira mwenyewe, akijibu maswali ya yaksha (pepo) msituni, anasema maandiko yanatofautiana, hakuna mwenye hekima mmoja ambaye kauli yake ndiyo kipimo, na ukweli wa dharma umefichwa pangoni. Jaji anayedai kuuona huko atakuwa amechagua tu maandiko yanayompendeza.

Ndiyo maana kesi ya Sabarimala, hekalu la mungu Ayyappa huko Kerala, ilichoma watu wengi. Mwaka 2018 majaji wanne dhidi ya mmoja waliondoa katazo la kuingia humo kwa wanawake wa miaka 10 hadi 50. Indu Malhotra, mwanamke pekee kati yao, alipinga, akisema si kazi ya mahakama kupima mantiki ya ibada. Katika hilo namuunga mkono, ingawa sikubaliani na alipofikia. Hoja iliyonishawishi ni ya Jaji Chandrachud, mmoja wa wale wanne: kumtenga mwanamke kwa sababu ya hedhi kunagusa utu wake, na ibara ya 17 inamlinda. Hoja hiyo haihitaji kujua Ayyappa anataka nini. Mwaka 2019 masuala haya yalipelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi.

Maswali ya kuuliza ni mengine. Je, imani ni ya kweli kwa anayeishika? Nani anazuiwa, na anakosa nini? Je, kuna njia nyepesi zaidi ya kutimiza lengo la serikali? Katiba ya Kenya ya 2010 inauliza karibu hivyo katika ibara ya 24, pale haki inapotaka kuwekewa mipaka.

India yenyewe iliwahi kukaribia hapo, katika kesi ya Devaru ya 1957, kuhusu hekalu la Wabrahmin wa Gowda Saraswat huko Mulki. Mahakama ilikubali kwamba, kwa maandiko yao, nani aingie hekaluni ni jambo la dini. Haikuwaambia kwamba wameielewa vibaya imani yao. Ilisema kifungu cha 2(b) kina nguvu zaidi, ikawafungulia mlango Wahindu wote, na ikawaachia wenyewe sherehe chache maalumu za kufanya peke yao.