Fedha za vitabu vya kusoma: zibaki Dodoma au ziende shuleni?

Kila Bunge la bajeti lina hoja hii. Mbunge anasimama kusema kwamba katika shule ya jimboni kwake watoto sita wanachungulia kitabu kimoja cha kusoma. Waziri anajibu kwa kutaja idadi ya nakala zilizochapwa. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa mmoja anahesabu vitabu vilivyotoka kiwandani na mwenzake anahesabu vilivyo juu ya dawati. Hapo ndipo mjadala unapohamia kwenye mamlaka: nani ashike fedha za vitabu, wizara au shule?

Kinachogombewa, kwa Tanzania Bara, ni Sh4,000 za kila mtoto. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, uliweka ruzuku ya dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Wakati huo dola 10 zilikuwa karibu sawa na Sh10,000. Elimu bila Malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado Sh10,000, ingawa dola moja ilikwisha kuvuka Sh2,000. Katika hizo, Sh6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi, na Sh4,000 zinabaki serikalini kwa ununuzi wa pamoja wa vitabu. Shule yenye wanafunzi 600 kwa hiyo hupokea Sh300,000 kwa mwezi, na humo zinatoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na kila dharura.

Wanaotaka Sh4,000 zibaki kituoni, yaani serikalini Dodoma, wanaanza na bei, na hesabu yao ni nzito. Tukiwapa wale wanafunzi 600 fungu lao, shule inapata Sh2,400,000 kwa mwaka. Tuseme kitabu dukani ni Sh5,000: shule inaondoka na nakala 480, hata kitabu kimoja kwa mtoto hakitimii, wakati kila mtoto anahitaji cha kila somo. Kitabu kina gharama zinazolipwa mara moja tu, kama uandishi, michoro, uhariri, upangaji wa kurasa na bamba za kuchapia. Ukizigawa kwa nakala 5,000 zinauma, ukizigawa kwa nakala milioni moja karibu hazionekani. Tena mnunuzi mkubwa anaweza kuandika kwenye zabuni uzito wa karatasi na aina ya jalada, kisha akakataa mzigo usiokidhi. Mwalimu mkuu anayenunua nakala 40 kwa muuza vitabu wa mjini hana ubavu huo.

Wanaotaka fedha ziende shuleni wanaanza na takwimu, na hapo nao wako sahihi. Kituo huagiza vitabu kwa makisio ya idadi ya wanafunzi, lakini uandikishaji wa Darasa la Kwanza huendelea hadi mwisho wa Machi. Idadi halisi inapojulikana, mkataba wa uchapaji umekwisha kusainiwa. Mwaka 2016 michango ilipofutwa, Darasa la Kwanza lilifurika watoto kuliko makisio yoyote, na vitabu vilivyopangwa kwa mtoto mmoja vikawa vya watoto wawili au watatu kabla havijafika. Mwalimu mkuu alikuwa anaiona foleni ile kwa macho yake, ila hakuwa na fungu la kununua hata nakala kumi za nyongeza.

Siasa za fedha hizi zilionekana wazi zaidi katika suala la chenji ya rada. Desemba 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo katika mauzo ya rada kwa Tanzania, na ikatakiwa kulipa Pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Kampuni ilitaka fedha zipitie mashirika ya hisani. Serikali na wabunge wa vyama mbalimbali wakakataa, na mwaka 2011 ujumbe wa Bunge ulioongozwa na Naibu Spika wa wakati huo, Job Ndugai, ulikwenda London kulisemea hilo. Mwaka 2012 fedha zililipwa kwa Serikali, kwa masharti kwamba zinunue vitabu, miongozo ya walimu na madawati kwa shule za msingi. Naona msimamo ule ulikuwa wa haki: nchi haiwezi kukubali kwamba fedha za watoto wake zigawiwe na aliyeingia hatiani. Hata hivyo, kwa kushinda hoja hiyo kituo kilijibebesha wajibu wa kuthibitisha kwamba kinaweza kazi yenyewe.

Wajibu huo ulijaribiwa haraka. Mwaka 2013 mbunge James Mbatia alifikisha bungeni hoja ya udhaifu wa sekta ya elimu, na akaonyesha vitabu vyenye makosa vilivyokuwa na ithibati ya EMAC, kamati iliyoidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi. Kamati hiyo ikavunjwa mwaka huo huo, na uandishi wa vitabu vya kiada ukarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Mantiki ilikuwa kwamba chombo kimoja cha umma kingeondoa makosa na tamaa ya faida. Lakini mwaka 2017 vitabu vya TET navyo vikakutwa na makosa na mjadala ukarudi bungeni. Tatizo ni la muundo. Anayetunga mtaala ndiye anayeandika kitabu, na mwalimu hana kitabu cha kiada mbadala mkononi. Mchapishaji mmoja kati ya kumi akikosea, shule zinahamia kwa mwingine. Mchapishaji pekee akikosea, nchi nzima inafundishwa kosa hadi toleo jipya litoke.

Kenya ilianza upande wa pili. Elimu ya bure ya mwaka 2003 ilipeleka KSh1,020 kwa mwanafunzi, KSh650 zikienda kwenye akaunti maalumu ya vifaa vya kujifunzia na KSh370 kwenye matumizi mengine ya shule. Walimu walichagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa na kununua kwa muuza vitabu wa karibu. Biashara ya vitabu ikachangamka hata katika miji midogo, na wachapishaji wakashindana kwa ubora. Pamoja na hayo ukaja mwanya unaojulikana kwa kila aliyewahi kukagua hesabu za shule: risiti inaandikwa nakala 100, zinaingia stoo nakala 60, na tofauti inagawanywa. Idadi ya wanafunzi nayo ilivimbishwa, kwa kuwa kila jina la uongo lilikuwa na KSh650 zake. Januari 2018 Serikali ikaanza kununua moja kwa moja kwa wachapishaji na kupeleka vitabu hadi shuleni. Wauza vitabu walipoteza mteja wao mkuu, na wachapishaji wakaanza kulalamikia madeni, maana sasa mteja alikuwa mmoja na alilipa alipoweza.

Kwa hiyo njia zote mbili zimejaribiwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na kila moja imevuja pahala pake. Kinachonisikitisha ni kwamba mabishano haya hufanywa kana kwamba kitabu kikifika, kusoma nako kumefika.

Ushahidi unasema vingine. Katika miaka ya 1990 vitabu vya kiada viligawiwa katika shule za vijijini magharibi mwa Kenya, na watafiti wakafuatilia alama. Waliofaidika walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Tanzania nayo ina jaribio lake, KiuFunza la shirika la Twaweza, lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350. Kundi moja la shule lilipewa Sh10,000 kamili kwa kila mwanafunzi, juu ya ruzuku ya Serikali. Katika kundi la pili walimu wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu waliahidiwa bonasi ya Sh5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lao, na kundi la tatu likapata vyote viwili. Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Vilipokwenda pamoja ndipo watoto walipojifunza zaidi kwa kiasi cha kuonekana.

Mtu anaweza kulitumia jaribio hilo kudai kwamba kupeleka fedha shuleni ni kupoteza. Mimi silisomi hivyo. Linasema kwamba chaki na vitabu vinangoja mtu wa kuvitumia, na mwalimu mwenye ari anangoja vitabu. Mtoto wa Darasa la Kwanza anahitaji kusikia sauti ya herufi, kuiona, kuiunganisha kuwa silabi, silabi kuwa neno, kisha asome sentensi na aulizwe imesema nini. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa. Watoto wanaimba “ba be bi bo bu” kwa pamoja, mwalimu anaridhika, na hakuna anayejua nani anasoma na nani anaitikia. Upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 8 tu ya wanafunzi wa Darasa la Pili walisoma kwa ufahamu katika kiwango kilichotarajiwa. Mtoto hawezi kupimwa mmoja mmoja bila andiko mbele yake, wala kwa mwalimu mmoja aliyepewa watoto 120.

Mradi wa Tusome wa Kenya, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulijengwa juu ya uelewa huo: kitabu kwa kila mtoto, kiongozi cha mwalimu kinachopanga somo siku kwa siku, na maofisa wanaoingia darasani na kishikwambi kupima watoto wachache na kumshauri mwalimu papo hapo. Kwetu kazi hiyo ni ya Afisa Elimu Kata. Wengi walipewa pikipiki kwa fedha za wafadhili, na pikipiki bila mafuta haifiki shule iliyo kilomita 18 kutoka ofisi ya kata. Wafadhili wenyewe ni msingi usio salama. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika la USAID kufungwa Julai, kazi za kusoma zilizotegemea fungu hilo zilibaki bila mlipaji.

Nikilazimika kuchagua, kwa Darasa la Kwanza hadi la Tatu ningeacha uchapaji kituoni, kwa sababu ya bei. Uandishi ningeufungua kwa wachapishaji kushindana, na TET ibaki na mtaala na uhakiki. Vitabu vya hadithi ningeviachia shule, kwa fungu dogo lisilogeuzwa kununua chaki, maana mwalimu ndiye anayejua watoto wake wamefika kwenye silabi au kwenye aya.

Usafirishaji nao uwe na kifungu chake. Leo mzigo hufika halmashauri na kukaa stoo hadi mwalimu mkuu apate nauli ya kuufuata, na nauli hiyo hukatwa kwenye zile Sh6,000. Akifika anasaini fomu yenye idadi iliyokwisha kuandikwa. Abadilishiwe: ahesabu kwanza, aandike mwenyewe, na orodha ya kila shule ibandikwe kwenye ofisi ya kata ambako mzazi anaweza kuisoma. Halafu kosa la kitabu kuchakaa liondolewe kwenye hoja za ukaguzi. Kitabu kilichofungiwa kabatini kwa miaka mitatu kinang'aa siku ya ukaguzi, na mwalimu aliyekifungia hapati lawama. Aliyewaachia watoto ndiye anayeulizwa kurasa zimekwenda wapi.

Na uchapaji uwe wa kila mwaka. Tukikubali kwamba theluthi ya vitabu vya madarasa ya chini huchanika au kupotea kwa mwaka, shule iliyoanza na nakala 100 inabaki na 67 mwaka wa pili, 44 mwaka wa tatu, na 30 mwaka wa nne. Bungeni zitaendelea kutajwa 100.