Mzee Alivyoninyooshea Bodi

Mzee anayetulipia pango la ofisi pale Sinza alikuwa fundi umeme wa majumbani, na ana imani moja haitikisiki: waya ni hela. Mimi nachora bodi za kompyuta ndogo za kaunta za maduka. Siku moja akasimama nyuma yangu, akaona njia za shaba kati ya prosesa na memori zinakata kona, zinarudi, zinakata tena.

"Aliyechora hapa alikuwa amekunywa?"

Nikamwambia ndivyo zinavyotakiwa, nikawahi harusi Mbagala.

Huku nyuma akamwita kijana wa fildi. "Nyoosha hizi." Mtoto wa watu, muhuri wa fomu yake uko kwenye droo ya mzee, atakataaje? Akanyoosha. Programu ikawaka nyekundu kila pembe, wakazima maonyo. Faili likaenda kiwandani Shenzhen, China, usiku uleule, na hela ikalipwa.

Bodi zilirudi nzuri kweli, sisemi uongo. Tukachomelea, tukawasha. Kimya. Jaribio la memori likawa linaandika hiki, linasoma kile. Nikashusha kasi ya memori kutoka 1600 hadi 800, ikaamka. Nikairudisha, ikazimia. Mzee akasema ni umeme mdogo, akaenda nyumbani akaja na stabilaiza ya friji.

Ndipo nilipofungua mchoro. Nilikaa chini kwanza.

Kwenye DDR3 ya 1600, yaani memori inayopitisha biti milioni 1600 kwa sekunde kwenye kila njia ya data, biti moja hudumu pikosekunde 625 tu; pikosekunde ni sekunde moja uliyoigawa vipande trilioni. Juu ya bodi, kila milimita ya shaba inakula kama pikosekunde 6 na nusu. Njia za data husafiri nane nane pamoja na jozi yao ya DQS, ambayo ndiyo inayotoa amri ya "soma sasa". Zote lazima zifike pamoja, kwa hiyo iliyo fupi unaipindisha makusudi ilingane na ndefu. Baada ya kunyooshwa, nyingine zilipishana milimita 30, yaani karibu pikosekunde 200. Theluthi ya biti imeliwa kabla hatujaanza kazi.

Sasa mweleze mzee pikosekunde! Nikamwambia, "Mzee, chukulia msafara wa harusi. Wa Mwenge na wa Gongo la Mboto waingie ukumbini pamoja na bibi harusi. Wa Mwenge, kwa kuwa yuko karibu, inabidi azunguke kidogo."

"Azunguke achome mafuta? Si akae nje asubiri?"

"Umeme haujui kusubiri, mzee."

Akafikiri sana. Kijana wa fildi alikuwa ameinamia simu ambayo nina hakika ilikuwa imezima.

"Bibi harusi ndiye hiyo DQS?"

"Ndiye."

"Huyo hatukumgusa lakini."

Kijana akakohoa. "Shikamoo mzee. Huyo ndiye uliyesema nianze naye."