Kuhusu ile klipu ya ungo

Jamani kabla hamjaendelea kunitag naomba tuelewane. Mimi ni baba wa watoto, nina ndevu, na kipara kishaanza kuja taratibu. Kwa hiyo huyo bwege aliyeandika kule kwenye group "mwenzenu kavunja ungo Ayalandi, kina mama andaeni unyago" anajijua, na nyie mliochangia hela ya khanga majina yenu nimeyaona yote. Klipu yenyewe kaikata, imeanzia mwisho mwisho, mnachokiona ni mimi nimepiga magoti chini naokota karanga huku wazungu wamenizunguka, sasa mtu akiangalia hivyo bila maelezo anaelewa nini?

Na aliyeniuliza kwa nini nilihangaika na ndege wakati chombo cha usafiri nilikuwa nacho mkononi, nimecheka, sasa basi.

Ungo haukuwa wangu. Kuna dada yetu anaishi Ennis, kwao Singida, mama yake aliposikia naenda Ayalandi akanishika, mpelekee mwanangu ungo na karanga. Nikamwambia mama, huko mchele unauzwa ushachambuliwa. Akaniangalia tu. Mnawajua mama zetu, nikachukua. Akaushonea kabisa na mfuko wa kitenge, duara, una zipu kuzunguka na mkanda wa kubebea begani, kazi safi fundi kaifanya. Huo mfuko ndo ulioniponza, uwekeni akilini. Nilipofika Dublin yule wa forodha aliupapasa kwa nje akatabasamu, akasema neno moja ambalo sikulielewa, akanipigia dole gumba, nikapita. Nikasema hawa watu wakarimu.

Dublin sitaikalia sana. Jamaa yangu anayekaa kule (ndo huyo bwege) alinipeleka kwanza Temple Bar kwa sababu mwenyewe nililia nataka Temple Bar, niliiona kwenye picha, ukuta mwekundu na maua. Bei ya bia pale nilipoigeuza kichwani kuwa shilingi nikaacha kunywa nikawa nalamba. Muziki ni kijana na gitaa na spika anawaimbia watalii nyimbo wanazozijua tayari. Kesho yake akanipandisha Luas, ile tramu yao, laini nyekundu hadi Smithfield, kwenye pabu inaitwa The Cobblestone, na hapo ndo nikaelewa kwa nini watu wanaisifia hii nchi. Hamna jukwaa, hamna spika, watu wamekaa kona wanapiga huku wanaangaliana, mmoja anaanza wengine wanadaka, hakuna anayetangaza jina la wimbo, wakimaliza wanakunywa na kupiga stori kama hamna kilichotokea. Mwaka 2021 kuna kampuni ilitaka kujenga hoteli pale, watu wa Dublin wakaingia barabarani, manispaa ikaukataa ule mpango. Maandamano kwa ajili ya baa! Nikamwambia jamaa hawa ni ndugu zetu kabisa. Ila palijaa, tulisimama nyuma, kwa hiyo sikuona utaratibu wa nani anakaa wapi.

Howth tulienda kwa treni ya DART, tukaona sili bandarini, tukala samaki. Glendalough kwenye ule mnara wa watawa nilichoka miguu nikakaa. Tuendelee.

Tukaelekea magharibi. Treni mpaka Galway, halafu basi namba 350, lile linalopita Doolin na miamba ya Moher mpaka Ennis. Plani ni kulala Doolin, kusikiliza muziki, asubuhi boti ya kwenda kisiwa cha Inis Oírr, tukirudi tukaone miamba, tumalizie Ennis kwa dada na ungo wake. Doolin ni kijiji tu jamani, ng'ombe ni wengi kuliko watu, ila ukisema fidla na konsetina (kinanda kidogo cha mkononi, unakivuta na kukibana) mkoa mzima wa Clare wanakuheshimu na Doolin ndo kituo chenyewe. Tumeshuka kwenye basi mvua inanyesha kwa ubavu. Si kutoka juu, kwa ubavu. Jamaa akasema tusianze kutafuta hosteli, tuingie hapa kwanza tukauke. Pabu siitaji jina, hawakunikosea kitu, mimi ndo niliwakosea.

Ndani joto, mahali padogo, moto wa makaa, picha za wanamuziki wa zamani ukutani, watu wamejazana kaunta. Na kona moja, jamani, kona nzuri karibu na moto, benchi na vistuli vimezunguka meza, HAKUNA MTU. Nikasema Mungu hamtupi mja wake. Mezani kulikuwa na kikaratasi kimesimamishwa, nikakisogeza niweke glasi. Kiliandikwa kwamba viti hivi ni vya wanamuziki. Nimekuja kukisoma baadaye sana.

Hapo niseme, maana bwege kaandika nilikuwa nimelewa. Guinness yao ya bomba ni asilimia 4.2, ile ya chupa ya kwetu inaiacha mbali, na mimi nilikuwa na moja, haijafika nusu. Yaliyofuata nimeyafanya na akili zangu timamu, sijui kama hiyo inasaidia au inaharibu.

Akaja mama mmoja na kiboksi cha fidla. Akaniangalia, akauangalia mfuko wangu wa duara pale kwenye benchi, akanitikisia kichwa kwa heshima, akakaa. Nikamtikisia. Akaja kijana na filimbi, vilevile. Akaja mzee wa makamo na lile zumari lao la mfuko, lile halipulizwi kwa mdomo, unapampu kwa kiwiko, naye akauangalia mfuko akatabasamu. Jamaa yangu akanikonyeza akasema naenda kuongeza bia. Hakurudi. Alishaelewa yeye! Anaishi kule, anajua, akaniacha akaenda kusimama kaunta na simu mkononi, rafiki wa miaka yote hii. Mwisho akaingia mzee mmoja mkubwa hasa, sweta la sufu, konsetina kwenye kiboksi cha pembe sita, akaja kukaa kwenye stuli palepale kwenye njia yangu ya kutokea. Sasa kushoto kwangu ukuta, kulia kiwiko cha zumari, mbele huyo mzee. Nimefungwa. Mzee akauelekeza mfuko kwa kidevu akaniambia kitu kwa ile lafudhi ya Clare, nilidaka neno moja moja, kama "ukiwa tayari" hivi, nami nikajibu kile tunachojibu wote tusipoelewa: "Yes, yes, thank you."

Wakaanza kupiga. Sitawadanganya, nilisahau kila kitu. Ile kitu ukiikaa katikati yake inakupita kifuani, mguu wangu ukaanza wenyewe, wamepiga wakaunganisha nyingine na nyingine bila kupumua, mimi nimefumba macho nahisi nimefika. Wakamaliza. Mzee akaniinamia akauliza kitu. Nikajua anauliza kama nimeupenda muziki. Nikamwambia "Yes! Very much!"

Kumbe aliuliza kama nitawapigia.

Akagonga meza mara mbili. Akaongea na pabu nzima, nikasikia "Africa" hapo katikati. Mtu wa nyuma akasema shhhh. Mwingine shhhh. Mnajua pabu yao mtu akitaka kuimba au kupiga peke yake watu wananyamaza kweli, siyo kunyamaza kwa kwetu kwa MC kuomba mara kumi, kunyamaza KWELI, mhudumu aliacha bomba la bia, bia ikabaki nusu glasi. Nasikia moto. Nasikia mvua dirishani. Nyuso zote zimenigeukia zimejaa upendo, na jamaa yangu kule nyuma kainua simu juu ya vichwa.

Ndo nikaelewa. Duara, bapa, mfuko wa begani. Wana kangoma kao ka duara kanaitwa bodrani, ngozi ya mbuzi upande mmoja, unakashika wima unakapiga na kijiti. Na yule wa forodha naye kumbe.

Mkononi mwangu zipu. Zipu ya fundi wa Singida ni ndefu wandugu, inazunguka duara lote, na katika ule ukimya ilikuwa inasema krrrrrrrr, ikakwama, nikarudisha, krrrrrr. Mama wa fidla ananitia moyo kwa macho. Kitenge kikaanguka. Nikautoa.

Ungo.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndo mbaya. Walisubiri. Walidhani ndo chombo chenyewe. Mzee akanyoosha mkono polepole, akaupapasa pale katikati akitafuta ngozi, kidole kikapita kwenye msuko. Akaugeuza. Akachungulia upande wa pili. Akanirudishia kwa adabu zote. Kijana wa filimbi akauliza kwa sauti ndogo, unashikwaje?

Sasa hapo mtu mwenye akili anasema samahani, huu ni wa kupepetea, anacheka, wanacheka, yameisha. Nilikuwa na hayo maneno. Kiingereza nimesoma. Kilichonitoka ni "I will show you", kisha mkono wangu bila kuniomba ruhusa ukaingia kwenye begi ukatoa zile karanga za dada, za kukaangwa, zenye maganda yake mekundu, nikamimina kwenye ungo, nikazifikicha, NIKASIMAMA.

Kitu kingine msichokijua ni kwamba mimi sijawahi kupepeta maishani mwangu. Nimeona tu. Mama akipepeta, bibi akipepeta, sisi watoto wa kiume tumekaa tunasubiri kula. Nikarusha, nikadaka. Chwa. Nikarusha, chwa. Ikatoka vizuri kidogo, wallahi, ina mdundo, kijana wa filimbi akaanza kunifuata taratibu, mama wa fidla akaingia, na mimi jamani kichwa kikavimba. Nikaona hapa nafungua njia, nikarusha kwa nguvu na kiuno kidogo.

Maganda yalipaa kwanza. Yakamshukia mzee wa zumari kichwani na usoni, yakaingia mpaka kwenye vitundu vya zumari. Karanga zikafuata. Nyingine zilitua kwenye bia, nilizisikia, plup, plup, meza ya jirani nao plup. Konsetina ilimeza moja. Filimbi ikakata.

Mzee mkubwa akasimama kukung'uta sweta. Mimi kwa aibu nikautua ungo hapo karibu nilipoona nafasi, nikapiga magoti kuokota (hapa ndo klipu yenu inapoanzia). Nafasi yenyewe ilikuwa stuli ya mzee. Mzee akamaliza kujikung'uta. Nilimwona anashuka. Ile namna wazee wanavyokaa, hawaangalii nyuma, wanaachia tu. Nikanyoosha mkono, nikatafuta Kiingereza, Kiingereza chote kimekimbia, nikasema "Mzee, MZEE, shikamoo!" Shikamoo, jamani. Sijui kwa nini.

Kraaa.

Na kimya tena. Mzee amekaa ndani ya ungo, mduara umebaki unamzunguka, ananiangalia. Ndo mnasikia kwenye klipu sauti ya huyo bwege kutoka kaunta, Kiswahili kitupu, "KAVUNJA UNGO!", halafu anacheka mpaka picha inatikisika.

Basi mengine ya kawaida. Wakacheka wote, mzee akacheka kuliko wote mpaka wakamsaidia kunyanyuka, nikaomba msamaha sijui mara ngapi, nikataka kulipia bia zilizoingia karanga wakakataa, mwenye bodrani ya kweli akaja akapiga, nikahamia kusimama karibu na choo mpaka usiku ukaisha. Mama wa fidla alinifariji kidogo pale nje, aliniambia kwenye sesheni, yaani hivyo vikao vyao vya kupiga muziki, watu wakimwona mtu anaingia na bodrani huwa wanaomba kimoyomoyo apite asikae nao, maana wapigaji wa bodrani wabovu ni wengi mno, na kwamba mimi angalau nilileta chakula. Asubuhi boti ya Inis Oírr haikwenda, upepo. Tukaenda miamba ya Moher, pale juu kabisa ni mita 214 juu ya bahari, ukungu mtupu, nimepiga picha nimesimama mbele ya kitu cheupe, mtaiona, msiulize.

Ennis dada kanipokea vizuri, chai, maandazi. Nikamkabidhi ule mfuko wa kitenge na karanga zilizobaki, kiganja kimoja hivi. Akafungua zipu, akautoa, akauangalia ule mpasuko. Akanusa.

"Kaka, huu umefanywaje?"

Nikamwambia umekaliwa, dada. Na mzee mmoja, mpiga konsetina.

Akapitisha kidole kwenye mduara, ambao kusema ukweli ulibaki mzima kabisa.

"Ana kilo ngapi?"