Muhuri wa Porini

Jamani, mtu mzima mwenye akili zake anaamka alfajiri, anakunywa chai ya rangi, anaingia msitu wa Rondo, huku kwetu Lindi, kutafuta kopo lililofichwa na watu anaowajua. Si angewapigia simu tu! Lakini mpwa wangu, aliyerudi likizo kutoka masomoni Uingereza, anasema ukiuliza umeharibu mchezo. Na huku Kusini mpwa akishasema "mjomba twende", mjomba anatafuta viatu.

Njiani ananisomesha. Eti mwaka 1854, kule Dartmoor, nyika moja ya Uingereza, mwongoza wageni mmoja aitwaye James Perrott aliacha chupa pale Cranmere Pool, katikati ya matope, ili kila anayefika atumbukize kadi yake. Watu wakanogewa. Sasa wanaficha kopo lenye daftari na muhuri. Ukilipata unagonga muhuri wao kwenye daftari lako, na wako kwenye daftari lao, halafu unalirudisha palepale. Hela hamna. Hata pipi hamna! Nikamwambia, chupa hiyo ingeachwa huku isingelala: kesho yake ungeikuta sokoni Mtama imejaa mafuta ya ufuta.

Akatoa karatasi ya maelekezo. "Fuata njia ya magogo hadi daraja lililokufa. Elekea jua linapozama, hatua arobaini. Msalimie bibi kizee mwenye tumbo wazi."

Hatua arobaini za nani? Yeye ana miguu ya twiga, mimi Mungu alinipimia kwa rula. Yeye akaishia kwenye misaji, mimi nikaishia kwenye upupu, na upupu haujui shikamoo. Nikiwa najikuna mgongo kwenye mti, akatokea bibi kizee wa kweli, na kuni zake kichwani. Mpwa akanitazama. Nikamwambia usithubutu! Nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba, akapita zake, na habari za tumbo lake hatukuzigusa.

Halafu muhuri. Mimi nasumbukia muhuri msimu mzima wala sijapanda mlima. Akaunti ninayolipiwa korosho imelala, benki wanataka barua ya utambulisho, na barua isiyo na muhuri hawaigusi. Nenda ofisi ya kijiji: mwenyekiti yuko msibani. Rudi: mwenyekiti yupo, muhuri uko kwa mtendaji. Mtendaji yuko kikaoni wilayani, muhuri kaufungia kabatini, ufunguo kaondoka nao. Siku wote wamekutana, wino umekauka. Na hapo hakuna anayekwambia ni mchezo, wala hupewi karatasi ya maelekezo.

Bibi kizee wa kwenye karatasi kumbe ni mvule, shina lake lina pango la kuingia mkono. Mpwa kasomea ng'ambo lakini mkono wa kuingiza ni wangu, eti mimi ndiye mwenyeji, nyoka wananijua. Nikavuta mfuko mweusi wa plastiki. Ile mifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019 nilikuwa najiuliza imeenda wapi!

Ndani kuna kopo, daftari, pedi yenye wino mbichi kabisa, na muhuri waliouchonga kwenye kifutio: komba wa Rondo, yule mdogo wa gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Umekaa tu, saa zote uko wazi, bila kabati, bila kikao.

Mpwa alipogeuka kupiga picha, nikatoa barua yangu mfuko wa shati. Huwa natembea nayo, maana muhuri huwezi kujua utakutana nao wapi. Nikagonga. Ukakaa vizuri, mduara wake wote umeonekana.

Jumatatu nikaisukuma dirishani. Binti wa benki akaigeuza huku, akaigeuza kule, akainua macho.

"Mzee, huyu ndiye mwenyekiti wenu?"

"Ndiye, mwanangu. Ila huonekana usiku tu."