Herufi kubwa za Kiingereza na hati ya mwanafunzi

Kuna jambo moja ambalo walimu wa Kiingereza katika skuli za Unguja na Pemba hawajapatana, na hujitokeza kila wanapokaa na rundo la madaftari. Mwanafunzi ameandika insha yenye hoja zilizopangika na sarufi iliyotulia, lakini ukurasa mzima ni herufi kubwa, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Mwengine anaandika herufi ndogo vizuri, ila kila R, kila D na kila B inamtoka kubwa hata ikiwa katikati ya neno. Wapunguziwe maksi au waachwe? Baadhi ya walimu wanasema wapunguziwe, kwa sababu herufi kubwa ni sehemu ya lugha kama zilivyo nukta na mkato. Wengine wanasema hati ni ya mtu mwenyewe, maadamu inasomeka haina kesi. Mimi naona pande zote mbili zina haki, lakini kila upande unazungumzia kitu chake: mmoja kanuni, mwengine umbo. Anayeumia kwa mchanganyiko huo ni mwanafunzi.

Kiingereza kinataka herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi, kwenye majina ya watu na ya mahali, siku, miezi, lugha, mataifa, na kwenye neno "I" popote litakapokaa. Anayesoma orodha hii leo anaweza kudhani imezaliwa pamoja na lugha. Sivyo. Warumi wa kale walichonga maandishi yao ya mawe kwa herufi kubwa tupu. Herufi ndogo zilipata sura iliyo karibu na ya leo katika dola ya Charlemagne, mfalme wa Wafranki huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 8, na zilipita zama nyingi kabla ya aina hizo mbili kukaa katika mstari mmoja na kugawana kazi. "I" ikawa kubwa kwa kuwa i ndogo iliyosimama peke yake ilikuwa ikipotea machoni mwa msomaji wa miswada ya mkono. Katika karne ya 17 na ya 18 wachapaji wa Kiingereza walitia herufi kubwa kwenye nomino nyingi za kawaida; ukitazama Azimio la Uhuru la Marekani la 1776 utaziona zimetapakaa. Baadaye mtindo huo ukafa. Wajerumani wameushika hadi leo, Wadenmark waliufuta mwaka 1948, na Wafaransa huandika siku na miezi kwa herufi ndogo bila ya kupungukiwa na kitu.

Wanaotetea uhuru wa mwandishi huegemea hapo. Kama Waingereza wenyewe wamekuwa wakibadilisha, kwa nini mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni aadhibiwe kwa desturi ya watu? Tena wapo waandishi wakubwa waliojiamulia. bell hooks, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2021, alichagua kuandika jina lake kwa herufi ndogo tupu, na limechapishwa hivyo kwenye vitabu vyake. Hoja hii ina uzito, lakini inaishia njiani. Desturi ikishakubaliwa na wasomaji hubeba maana, na maana hiyo haimsubiri mwandishi aridhie. bell hooks aliivunja kanuni akiijua, na wasomaji wake walijua kwamba anaijua. Mwanafunzi wa kidato cha pili hajapata heshima hiyo. Karatasi yake inasomwa na mtu asiyemjua wala hawezi kumuuliza alikusudia nini.

Pahala ambapo maana hiyo inaonekana waziwazi ni maabara kuliko darasa la insha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo hayo husomeshwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hakutani na herufi kubwa katika barua na hadithi tu. Anakutana nazo kwenye kemia, ambako Co ni kobalti, metali, na CO ni kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye makaa yanayowaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Anakutana nazo kwenye fizikia. Umeme unaofika Pemba tangu 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga hupimwa kwa MW, yaani megawati. Akiandika mW amesema miliwati, na tofauti ya hizo mbili ni mara bilioni moja. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kila kitu kwa herufi kubwa zenye kimo kimoja hana njia ya kuionesha tofauti hiyo, hata kama kichwani anaijua barabara.

Na sayansi ina mengine yanayowachanganya hata walimu wa lugha. Kipimo cha nguvu kinaitwa kwa jina la Isaac Newton, lakini neno lenyewe likiwa kipimo huandikwa newton kwa herufi ndogo, na alama yake ni N kubwa. Kima punju wetu wa msitu wa Jozani kwa jina la kisayansi ni Piliocolobus kirkii. Hiyo kirkii imetokana na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa Zanzibar katika karne ya 19, ila k yake ni ndogo, kwa sababu jina la pili la kiumbe huandikwa hivyo hata likitokana na mtu. Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, ni vivyo hivyo. Mwalimu wa Kiingereza aliyewakaririsha wanafunzi kwamba jina la mtu halikosi herufi kubwa atamkuta mwalimu wa bailojia anafuta kazi yake. Wote wawili wako sahihi; kila fani ina mkataba wake, na wanafunzi wetu wangeambiwa hivyo mapema wangepumua.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa dawa. Hydroxyzine ni ya mzio na muwasho. Hydralazine ni ya shinikizo la damu. Majina yanakaribiana kiasi cha kumponza mtu mwenye haraka. Tangu 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikihimiza majina ya namna hiyo yaandikwe hydrOXYzine na hydrALAZINE, herufi kubwa zikipandishwa katikati ya neno pale hasa yanapotofautiana. Kwa mwalimu mkali huo ni mwandiko wa kupigiwa mstari mwekundu. Lakini umekusudiwa kumlinda mgonjwa. Maana yake kanuni haikatazi herufi kubwa kukaa katikati ya neno kwa sababu ni haramu pale. Inakataza kwa sababu mara nyingi haisemi kitu. Ikiwa na la kusema, inakaa.

Sasa upande wa hati. Watoto wengi wa Kizanzibari hujifunza kusoma chuoni, yaani madrasa, kabla ya skuli, na herufi za kwanza kuzijua ni alif, be, te. Maandishi ya Kiarabu hayana herufi kubwa wala ndogo. Yana kitu chengine: herufi moja hubadilika sura kulingana na ilipo, mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni, au ikisimama peke yake. Mtoto huyu akifika skuli anajua tayari kwamba herufi moja inaweza kuwa na sura zaidi ya moja, lakini kwake sura inatokana na jirani zake, haitokani na hadhi ya neno. Akiona A na a, si ajabu akadhani kubwa ni ya kuanzia neno na ndogo ni ya katikati, na akaandika kila neno kwa kuanzia na herufi kubwa. Hilo si uzembe. Ni elimu aliyokuja nayo, na mwalimu akiieleza tofauti hiyo dakika kumi atakuwa amefanya kazi kuliko mwaka mzima wa kukata maksi.

Sisi kama jamii hatujazoeana muda mrefu sana na herufi kubwa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Edward Steere, mmishonari aliyefika Unguja mwaka 1864, alikuwa miongoni mwa waliokichapa kwa herufi za Kirumi, na kitabu chake cha kujifunzia lugha kilitoka 1870. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na usanifu huo ukaendelea kwa herufi hizo. Kanga zinaonesha mpito huo: za zamani ziliandikwa majina kwa herufi za Kiarabu, za leo kwa Kirumi, na karibu zote kwa herufi kubwa tupu. Mtoto anayesoma kanga ya mama yake, jina la daladala na jina la mashua bandarini amesoma herufi kubwa siku nzima. Baba yake akienda kujaza fomu anaambiwa ajaze kwa herufi kubwa. Halafu tunashangaa mtoto anapoziandika!

Wakali wana jawabu kwa hilo, nalo ni zuri. Kanga ina maneno machache, insha ina ukurasa. Miles Tinker, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alionesha katika karne iliyopita kwamba maandishi ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi. Uingereza ilipobuni upya alama za barabarani katika miaka ya 1960, Jock Kinneir na Margaret Calvert waliandika majina ya miji kwa herufi kubwa moja na ndogo zinazofuata, ili dereva ayatambue kwa haraka. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, iliyorithi herufi kubwa tupu kutoka kwenye mashine za zamani za kupokelea simu za maandishi, ilianza kuziacha mwaka 2016.

Lakini hayo yote ni maandishi ya mashine. Mkono ni jambo jengine. Katika mwandiko wa kuunganisha, n na u hufanana, r na v hugombana, na neno kama "minimum" hugeuka safu ya vijiti. Ndiyo maana fomu zinaomba herufi kubwa: kila moja inasimama peke yake. Wasanifu wa majengo na mafundi wa michoro waliandika hivyo maisha yao yote, na nyumba zikajengwa. Mwanafunzi mwenye hati mbovu aliyekimbilia herufi kubwa huenda amemfanyia msahihishaji hisani.

Hoja ya wakali ninayoiona nzito kuliko zote wala si ya usomaji. Ni kwamba herufi kubwa tupu ni maficho. Mwanafunzi asiyejua kwamba "English" na "Monday" huanza kwa herufi kubwa, akiandika zote kubwa hakamatiki. Mwalimu hawezi kumpa maksi kwa ujuzi asiouona. Ni kweli, na anayetetea uhuru wa hati akilikwepa hilo hatendi haki.

Ila tazama watu wazima wanaoandika kwa herufi kubwa kwa ustadi. Wengi huirefusha ile ya kuanzia sentensi na ya kuanzia jina, na nyengine wakazifupisha. Umbo ni moja, vimo ni viwili. Tofauti yote ambayo Kiingereza kinaidai imo ndani, na msomaji haikosi. Hapo ndipo ninaposimama: kinachodaiwa ni tofauti, umbo halidaiwi. Mwanafunzi wa sekondari anayetofautisha vimo asikatwe hata maksi moja kwenye insha. Anayeandika zote kwa kimo kimoja akatwe, baada ya kuelezwa sababu. Kwenye kemia na fizikia hapana mjadala, alama ziandikwe zilivyo. Na madarasa ya chini wote wajifunze aina zote mbili mpaka mkono uzoee, kwa sababu huwezi kumpa mtoto uhuru wa kuchagua kitu ambacho hajakijua.

Anabaki yule wa B na D zinazoibuka katikati ya neno, na huyu anahitaji jicho la karibu zaidi. Watoto wengi huchanganya b na d ndogo kwa kuwa moja ni kivuli cha mwenzake kwenye kioo. B na D kubwa hazina tabu hiyo, basi mtoto hukimbilia huko, bila ya kumwambia mtu. Mwalimu wa darasa la tatu akikuta "aBout" na "reaD" kwenye daftari, kabla ya kalamu nyekundu amwite ubaoni aandike b na d ndogo mara kadhaa, bila ya kuangalia pembeni. Akizichanganya, tatizo lake ni la kuzitambua herufi, na huenda pakahitajika msaada wa mwalimu wa elimu mjumuisho. Akiziandika bila ya taabu, hayo ni mazoea ya mkono tu, na daftari la mistari minne litamsaidia kuyaacha.