Jukwaa tupu sawa, lakini maji muyalete

Jumamosi nilitoka kwenye maigizo na donge kooni, na mpaka daladala inafika Igoma nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu. Kikundi kimoja cha vijana hapa Mwanza kilicheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Wamatumbi na wenzao wa kusini walivyopigana na Wajerumani. Jukwaani palikuwa na vigoda vitatu na kitambaa cheusi kwa nyuma, basi. Wamatumbi, askari, hata msimamizi wa shamba, wote walivaa suruali nyeusi na fulana nyeusi. Mwongozaji alitueleza mapema kwamba wamepunguza kila kitu ili libaki neno peke yake.

Jukwaa tupu halijanikosea kitu. Nimekulia Kisesa, jirani na Bujora, na ngoma nilizoziona utotoni hazikuwa na pazia wala ukuta wa mbao uliopakwa rangi. Ni uwanja, vumbi, na watu wamezunguka. Lakini angalieni kinachoingia kwenye uwanja ule. Wacheza bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, wanaingia na majembe, yale yale ya kulimia, na yakirushwa juu watu wa mbele wanarudi nyuma hatua moja. Bagoyangi, wale wacheza nyoka, wanaingia na chatu mzima, anayepumua. Mwondoe chatu, umwambie mchezaji ajifanye kamshika, halafu uone kama kuna mtoto atakayekimbilia nyuma ya khanga ya mama yake. Uwanja unaachwa wazi ili kile kimoja kilicholetwa kikamate macho ya kila mtu.

Sasa njooni kwenye maji. Kinjeketile, mganga mwenyewe, kazama mtoni, katoka na nguo kavu, watu wamekusanyika kupokea dawa ya kuwakinga na risasi. Kijana aliyemwigiza, na ana kipaji kweli kweli, akainua viganja vitupu akawanyunyizia wenzake hewa. Hewa! Vita yenyewe inaitwa Maji Maji.

Dawa ile ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na mtama, vitu ambavyo kila mtu alikuwa anavijua. Mtu aliyasikia yakimtiririka usoni, akayaona kuwa ni maji kama anayochota kila siku, na bado akaamua kuyaamini, akaenda kusimama mbele ya bunduki. Uamuzi ule ndio moyo wa tamthilia nzima. Mimi niliyeketi ukumbini nataka nami niyaone yakidondoka kwenye mbao, nisikie mlio wake, nijiulize: mimi ningeamini? Ukininyunyizia hewa umeshaniamulia. Umeniambia tangu mwanzo kwamba hapakuwa na kitu, na wale waliokufa wanageuka wajinga. Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Agosti 1905, na vita ikaendelea mpaka 1907. Aliyeyatoa maji hayupo tena, watu bado wanapigana. Mwishoni mwa tamthilia anapokataa kutamka kwamba maji ni uongo, inabidi sisi watazamaji tuwe tumeshikwa katikati, hatujui tulie naye au tumkasirikie. Jumamosi hatukushikwa popote. Na ziwa liko pale pale, unatoka mlangoni unaliona.

Kando yangu alikaa mzee mmoja kutoka Magu. Katika onyesho la watu kulimishwa kwa nguvu, mikono ikipanda na kushuka bila jembe, aliniinamia akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanalima nini?" Nikamjibu, "Pamba, baba." Akanyamaza muda mrefu. Akasema yeye pamba ameilima miaka arobaini. Mtu huyu, kuliko sisi wote mle ndani, alikuwa na haki ya kuiona pamba ile iliyowachosha watu wa kusini mpaka wakang'oa miche ya serikali, na ilibidi aambiwe na jirani. Gunia moja tu lingemtosha.

Maleba, yaani mavazi na vifaa vya jukwaani, ni ghali, hilo nalijua, na vikundi vyetu havina mfadhili. Nakubali pia, shingo upande, kwamba wanawake wawili walipozungumzia njaa mwanzoni, ule utupu uliwasaidia. Hata pumzi zao zilisikika. Lakini kofia moja ya askari ingetuokoa na dakika kumi za kubahatisha nani anampiga nani.

Sijaandika haya kuwavunja moyo. Vijana wanaoacha shughuli zao jioni ili wakariri maneno ya tamthilia ya 1969 kuhusu watu wa 1905 nawapenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nimesikia watarudia mwezi ujao, nami nimempelekea mwongozaji ujumbe. Jembe nitaazima nyumbani kwa mama. Mzee wa Magu ameniahidi pamba. Maji nitayachota mwenyewe ziwani pale Kamanga, ndoo moja, niyafikishe kabla taa hazijazimwa.