Kamera Iondoke Shingoni

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Meru, kamera ilining'inia shingoni kwa mkanda uleule iliyokuja nao kutoka dukani. Kutoka lango la Momella, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi vibanda vya Miriakamba, karibu mita 2,500, ilinigonga kifuani kila hatua. Kamera na lenzi yake havikufika hata kilo mbili. Lakini begi linavuta nyuma, kamera inavuta mbele, na shingo iko katikati. Usiku ule maumivu yalianzia kisogoni yakashuka hadi mabegani, na asubuhi, kwa hasira, nikaitumbukiza kamera ndani ya begi.

Huko ndiko nilikopoteza zaidi. Msituni juu ya Miriakamba, mbega weupe walipita matawini karibu kabisa na njia, mikia yao mirefu ikipepea. Meru hupandwa kwa kusindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo, na kundi hutembea pamoja. Huwezi kubaki nyuma peke yako ukifungua zipu na kupangua sweta na chupa za maji. Mbega wakaenda zao.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: mlimani kamera ikae kwenye mkanda wa begi, chini kidogo ya mtulinga, lenzi ikitazama chini. Vipo vishikizo vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Capture ya Peak Design. Kishikizo kinabana mkanda wa begi, bamba dogo linafungwa chini ya kamera, na ukibonyeza kitufe kamera iko mkononi. Haiyumbi. Sharti mkanda wa begi uwe mnene, na ule wa kiunoni ukazwe vizuri ili begi litulie nyongani na bega lipate nafuu. Kamera ikiwa bega la kushoto, mimi huweka maji upande wa kulia. Kwa begi la mtumba lenye mikanda myembamba, mpelekee fundi viatu akushonee sponji na kitambaa kigumu. Sindano yake inapita pale ambapo cherehani ya kawaida inakwama.

Mkanda wa kukatiza kifua nimeujaribu. Mjini ni mzuri, ila mlimani unabanwa na mikanda ya begi, na ukiinama tu kamera inazunguka na kugonga jiwe. Pochi ya kifuani nayo inasaidia kwenye mvua, lakini wakati wa kushuka inakuficha miguu yako. Zile ngazi za mbao kati ya vibanda vya Saddle, vilivyo juu zaidi, na Miriakamba, ukizishuka umechoka bila kuona unapokanyaga, ni hatari kweli.

Wengine humkabidhi kamera mgumu, yaani mpagazi wa mlimani. Sikubaliani nao, na si suala la uaminifu. Mgumu ana mzigo wa kutosha tayari, tena hutangulia kambini. Kamera itafika saa nyingi kabla yako, na picha zote za njiani zitakuwa zimekupita.

Kuna mahali pamoja ambapo naiingiza begini bila kubishana: usiku wa kwenda kileleni, kwenye miamba ya Rhino Point, ambako mikono yote miwili inatakiwa kushika jiwe. Naifunga kwenye kanga kuukuu, na betri naziweka mfuko wa ndani wa koti, maana baridi inazinyong'onyeza upesi. Kukianza kupambazuka, Kilimanjaro inatokeza mashariki juu ya mawingu. Hapo naitoa, naipachika begani, na haishuki tena mpaka kibandani.

Lenzi beba moja. Najua inauma kuacha nyingine nyumbani, lakini kwenye mita 4,000 hakuna anayebadilisha lenzi kwa furaha, vidole vimekufa ganzi na vumbi la majivu ya volkano linapepea. Na kila asubuhi, kabla hujavaa begi, kaza skrubu ya lile bamba. Hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko wa kutembea, na wewe huwezi kuhisi.